Fisi (mhusika): kusanifiwa kwake upya katika ukanda wa Shinyanga na Geita

Fisi ni miongoni mwa wahusika wanyama wanaosimuliwa sana Usukumani na Uswahilini kwa jumla. Katika hadithi husimama kwa miguu miwili, husema, huposa, hukopa, hualikwa karamuni na kuiharibu karamu. Kumsanifu upya ni kazi ya mchoraji, mchongaji au mtengenezaji wa katuni anayemchukua fisi huyo aliyezoeleka, au fisi wake mwenyewe aliyembuni zamani kwa haraka, akambadilishia macho, mkao, mavazi na mwenendo, ili tabia yake ijulikane polepole kwa anayemtazama badala ya kutangazwa usoni. Kazi ya namna hii hufanywa popote penye vitabu vya watoto na katuni. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita ina uzito wa pekee, kwa kuwa huko watu halisi wameuawa kwa sababu ya namna macho yao yalivyosomwa.

Fisi wa masimulizi

Fisi wa hadithi ni mlafi kwanza, mjinga baadaye. Sungura humdanganya, Simba humfokea, naye kesho yake hurudi palepale kwa sababu amesikia harufu ya nyama. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha njia panda: harufu inatoka kulia na kushoto, Fisi anataka kuzifuata zote, mguu mmoja huku na mwingine kule, mpaka anapasuka msamba. Ndicho kisa cha methali ya njia mbili zilizomshinda fisi.

Msimulizi stadi hakumwacha Fisi akiwa mlafi tu. Aliweza kutua kidogo kabla Fisi hajajibu, akamtia kigugumizi, akamfanya aseme "shikamoo" kwa unyenyekevu uliopitiliza, na wasikilizaji wakamcheka huku wakimwonea huruma. Hadithi ilipoingia kitabuni, sauti hiyo ilibaki nje, na mchoraji ndiye aliyeachiwa nafasi yake. Mara nyingi ameijaza kwa vitu vilevile: mdomo wazi, mate, meno yote nje, mgongo wa mwizi na macho mekundu. Mtoto akifungua ukurasa wa kwanza anajua tayari nani atapigwa mwishoni.

Si kila kiumbe wa hadithi anahitaji undani. Shing'weng'we, zimwi la masimulizi ya Kisukuma lililomeza watu na mifugo hadi kijana Masala Kulangwa akaliua na kuwatoa waliomezwa, ni tumbo na kinywa tu, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kulitia huzuni machoni kungeivuruga hadithi. Fisi ni tofauti. Yeye ni jirani, ana deni, ana shemeji. Ukimchora kama zimwi unamnyang'anya kile kilichomweka katika hadithi tangu mwanzo.

Macho mekundu

Kwa miongo kadhaa vikongwe, wengi wao wanawake, wameuawa katika Shinyanga, Geita, Mwanza na mikoa jirani kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili. Sababu yake ilikuwa jikoni: miaka mingi ya moshi wa kuni na, pale kuni zilipoadimika, wa samadi ya ng'ombe. Katika Shinyanga kuni ziliadimika kwelikweli. Misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o na kupanua mashamba, pamba ikiwemo, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kurudisha miti kwa njia ya ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Bibi aliyepikia wajukuu maisha yake yote alibeba usoni alama ya kazi hiyo, na alama hiyo ikageuzwa hati ya mashtaka. Miaka ya kuanzia 2007 watu wenye ualbino nao waliuawa na kukatwa viungo katika Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba miili yao huleta utajiri, ukiwemo wa migodini.

Imani za uchawi zinamhusu pia Fisi. Husemwa kwamba mchawi hufuga fisi na kumpanda usiku. Kwa hiyo mchoraji anayempaka Fisi wekundu machoni ili tu aonekane mbaya hachezi na rangi tupu: anamfundisha mtoto wa Kahama au Bukombe kwamba ubaya unaonekana kwenye jicho. Anayesanifu wahusika kwa ajili ya wasomaji wa ukanda huu hana budi kuliepuka jicho jekundu. Hilo ni sharti la kwanza, na ni afadhali mchoro upungue kidogo ukali wake kuliko kulivunja.

Mnyama mwenyewe

Sharti la pili ni kumwangalia fisi halisi. Mtafiti Hans Kruuk, aliyefanya kazi Serengeti na Ngorongoro na kutoa kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kwamba fisi madoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokula mawindo ya fisi. Tangu 1987 Heribert Hofer na Marion East wamekuwa wakifuatilia koo za fisi Serengeti, wakimtambua kila mmoja kwa madoa yake.

Mambo waliyoyaandika watafiti ni hazina kwa msanifu. Jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayetawala ukoo; mtoto hurithi cheo cha mama yake; dume akipevuka kwa kawaida huhamia ukoo mwingine na kuanza chini. Kinachoitwa kicheko ni sauti ya taharuki, mara nyingi ya mnyama anayesumbuliwa na wenzake. Mlio wake mrefu wa usiku hutofautiana fisi kwa fisi. Mtoto huzaliwa mweusi, madoa huja baadaye, na uzeeni hufifia. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo unateremka. Mkia ukisimama fisi amepandwa na mori. Masikio yakilala nyuma anakubali kushindwa. Hapo kuna njia nyingi za kuonyesha hofu, fahari au uchovu bila kugusa rangi ya jicho wala kuongeza jino.

Wahusika wengine waliosanifiwa upya

Mabadiliko madogo yana nguvu kuliko yanavyodhaniwa. Mickey Mouse alitoka mwaka 1928 na macho ya nukta nyeusi tupu; ilipofika 1939 mchoraji Fred Moore alikuwa amempa mboni ndani ya weupe wa jicho, na kuanzia hapo panya huyo aliweza kutazama pembeni, kusita, kuficha jambo. Gromit, mbwa wa Mwingereza Nick Park aliyeonekana kwanza mwaka 1989, hana mdomo kabisa. Park alikuwa amefikiria kumpa sauti, akaiacha alipoona paji la uso la udongo linasema ya kutosha. Nchini Tanzania Ali Masoud, anayejulikana zaidi kama Masoud Kipanya, amemfanya panya kuwa raia katika katuni zake za magazeti. Nairobi nayo ndiko zilikotengenezwa katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kurushwa mwaka 2010, ambamo wanyama wa mtindo wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga walitembezwa na kusemeshwa.

Kisa kinachomgusa Fisi moja kwa moja ni cha The Lion King ya 1994. Wachoraji wa filamu hiyo walikwenda kuwachora fisi waliofugwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1980 kwa watoto wa fisi waliotoka Kenya na lililovunjwa mwaka 2014. Watafiti waliwaomba wawatendee haki wanyama hao. Filamu ilipotoka, fisi wake wakuu walikuwa Shenzi, Banzai na Ed, wahuni wenye njaa, mmoja wao asiyeweza hata kusema. Mwaka 2019 hadithi ilifanywa upya kwa picha zinazofanana na wanyama halisi, na Shenzi akapewa sauti ya Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Huyu Shenzi wa pili hapayuki. Anatembea taratibu, anazungumza chini, na anajua ukoo wake unamsikiliza. Uso wake, kwa kufungwa na uhalisi wa picha, hauna mchezo mwingi. Uzito wake uko kwenye mwendo na sauti. Kama usanifu upya, ni kazi bora kuliko ile ya kwanza, ingawa jina alilopewa bado ni tusi.

Mfano: Fisi mwenye karasha

Namna kanuni hizi zinavyofanya kazi inaonekana vizuri Fisi akihamishiwa kwenye machimbo madogo ya Geita. Dhahabu imechimbwa huko kiwandani na kienyeji kwa muda mrefu: mgodi wa kikoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kandokando yake maelfu ya wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo yao. Mawe hupandishwa kwa viroba, hupelekwa kwenye karasha kusagwa, huoshwa mwaloni, na dhahabu hunaswa kwa zebaki. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Zebaki huacha dhahabu nyingi ndani yake, na kwa desturi ya machimbo mengi marudio ni ya mwenye karasha, ambaye baadaye huyauza au huyachenjua tena.

Mwenye karasha, basi, anaishi kwa masalia. Ni kazi inayomkaa Fisi sawasawa, tena ya halali na inayohitaji akili. Fisi wa zamani angechorwa akiwa amekumbatia kiroba, mate yakichuruzika. Msanifu wa sasa anaanza kwa kumfanya jike, mtu mzima, madoa yameanza kufifia mabegani. Anamvika kitenge kilichofungwa juu ya suruali ya kazi na mabuti ya mvua. Vumbi la karasha limemkaa tangu kichwani hadi kifundo cha mguu, ila sehemu moja: pua na mdomo, alipofunga kitambaa. Akikivua, uso wake una rangi mbili, na mtazamaji anajua amekuwa hapo tangu asubuhi.

Kisha mikono. Mteja anapomimina mawe, Fisi huyu anarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono yake mbele, wazi, vidole vikionekana. Hakuna anayemwambia afanye hivyo. Ni mazoea ya mtu ambaye maisha yake yote amedhaniwa mwizi kabla hajagusa kitu. Ishara hiyo moja, ikirudiwa katika kurasa kadhaa bila maelezo, inamweleza kuliko hotuba. Ikifika ukurasa ambapo yuko na watu anaowaamini na mikono imetulia mfukoni, msomaji anaiona tofauti mwenyewe.

Kichwa kinabaki chini kuliko mabega, kwa sababu fisi ndivyo alivyoumbwa, lakini msanifu anakigeuza kidogo ubavu, sikio moja mbele. Kichwa kilichoinama kikitazama ardhi ni cha mkosaji; kikiinama huku sikio limeelekezwa kwa msemaji, ni cha msikilizaji. Macho yanapewa kope nzito na mboni ndogo ya kahawia. Na anapokwenda kuuza kwenye soko la madini, lililofunguliwa Geita mwaka 2019, hatazami dhahabu iliyo juu ya mzani. Anatazama mkono wa mnunuzi.

Inapendekezwa msanifu abadilishe jambo moja kila safari, kisha amwonyeshe mchoro mtu asiyeijua hadithi na kumuuliza huyu ni nani. Akijibiwa "ni mlafi", kuna kitu cha zamani kimebaki, mara nyingi mdomoni. Akijibiwa "ni mpole", amezidisha. Fisi aliyegeuzwa malaika hana hadithi. Jibu zuri ni lile linaloanza kwa kusitasita.

Sanaa ya Usukumani kama chanzo

Wasanifu wengi huiga macho makubwa ya katuni za ng'ambo, hali karibu nao kuna mapokeo mengine. Sanamu za Kisukuma zilizotumika katika mashindano ya ngoma, ambayo kwa desturi huyapambanisha makundi ya Bagika na Bagalu, huwa na miili mirefu, viungo vya kuchezeshwa katika baadhi yao, na nyuso zilizochongwa kwa mikato michache. Uso haubadiliki, mchezaji ndiye anayeipa sanamu tabia kwa kuiinamisha, kuichelewesha, kuigeuza ghafla kuelekea watazamaji. Wachezaji wenyewe wana uhusiano wa karibu na wanyama: Bayeye hucheza na nyoka, Banunguli ni wawindaji wa nungunungu. Mchoraji anayejifunza kwao atajua kwamba utulivu wa uso si upungufu.

Sehemu ya urithi huo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, katika kituo kilichoasisiwa na padri Mkanada David Clement. Fisi hai wanapatikana upande wa mashariki, katika Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na alfajiri ndiyo saa nzuri ya kuwatazama wakirudi mapangoni. Mchoraji wa Shinyanga au Geita anayetaka kumpa Fisi uso mpya aende kote kuwili akiwa na daftari, na kalamu nyekundu aiache nyumbani.