Mlipuko wa Chumba cha Pili: Tamthilia ya Redio na Wahakiki Wake wa Mwanzo

Historia ya tamthilia ya redio aghalabu husimuliwa kama historia ya mitambo. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanakusudia kuonyesha kwamba utanzu huu ulizaliwa mbele ya mhakiki asiyeusikiliza ipasavyo, na kwamba kasoro hiyo haijatutoka hadi leo, hata sisi tunaoshughulikia fasihi ya Kiswahili.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka London. Kampuni ya BBC iliundwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata ilianza kutangaza maonyesho kutoka tamthilia za Shakespeare. Hizo zilikuwa kazi za jukwaani. Redio ilizichukuza tu. Tarehe 15 Januari 1924 ulitangazwa mchezo wa Richard Hughes, A Comedy of Danger, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa kwanza nchini Uingereza kutungwa mahsusi kwa ajili ya redio. Mtunzi alikuwa kijana wa miaka 23. Wahusika wake, kijana na mchumba wake pamoja na mzee mmoja, wamenaswa katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales. Taa zimezimika na maji yanapanda.

Ubunifu wa Hughes hauna shaka. Giza la mgodini linamweka msikilizaji na mhusika katika hali moja: wote wawili hawaoni, na wote wawili hutegemea sikio. Hata hivyo, giza hilo pia ni udhuru. Mtunzi anatafuta sababu ya wahusika wake kutoonekana, kana kwamba sauti peke yake haina haki ya kubeba tamthilia. Utanzu mchanga unajitetea hata kabla ya kushtakiwa.

Mapokezi ya mchezo huo yanaeleza zaidi. Hughes alisimulia baadaye kwamba mikrofoni za wakati ule hazikuweza kustahimili kishindo cha mlipuko. Kwa kuwa waandishi wa magazeti walialikwa kuusikiliza mchezo katika chumba chao maalumu, mtayarishaji, Nigel Playfair, alipanga mlipuko halisi ufanywe katika chumba cha pili yake. Waandishi waliusikia kupitia ukutani, wakavutiwa nao. Tukikubali simulizi hiyo, basi miongoni mwa mambo ya kwanza kusifiwa katika tamthilia ya redio ni sauti ambayo redio haikuitoa. Msikilizaji aliyekuwa nyumbani hakuupata mlipuko ule. Mhakiki naye hakuupata mchezo aliousikia msikilizaji.

Aliyejitokeza kuisahihisha hali hii kinadharia ni Rudolf Arnheim, msomi wa Kijerumani aliyeihama nchi yake mwaka 1933 baada ya Wanazi kutwaa madaraka. Kitabu chake Radio kilichapishwa London mwaka 1936 kwa tafsiri ya Kiingereza. Kwa maoni ya Arnheim, kutoonekana kwa wahusika si pengo la kuzibwa na mawazo ya msikilizaji, bali ndio msingi wa sanaa yenyewe. Katika redio, mhusika asiyesema wala kusikika hayupo, na anapotamka neno huzaliwa papo hapo. Swali la mhakiki si tena redio imekosa nini, bali inaweza nini.

Swali hilo halikupata nafasi ya kukomaa. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alitangaza nchini Marekani mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds, akiutumia muundo wa taarifa za habari. Ikavuma kwamba taifa zima lilishikwa na hofu, dai ambalo wanahistoria wa baadaye wameonyesha kuwa lilitiwa chumvi na magazeti. Utafiti mashuhuri uliofuata, wa Hadley Cantril mwaka 1940, ulikuwa wa saikolojia ya hadhira. Mchezo ukageuka kuwa chanzo cha matokeo yanayopimika. Muundo wake ukabaki pembeni.

Mwelekeo huo ulitufikia Afrika Mashariki. Redio Tanzania ilipoanza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, eneo la Dodoma liliachwa nje ya matangazo hayo hadi 1995 ili watafiti walinganishe mienendo ya wasikilizaji na wasiosikiliza kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Hatuwezi kuubeza utafiti huo. Uhai wa watu ulihusika. Lakini tunajua mengi zaidi kuhusu mchezo ulivyowabadilisha watu kuliko tunavyojua kuhusu mchezo wenyewe: ulivyojenga mahali kwa vishindo, ulivyotumia kimya, ulivyotofautisha wahusika kwa lafudhi na kasi ya usemi.

Upungufu huu ni wa ajabu katika lugha yetu. Tendi za Kiswahili zilighanwa mbele ya hadhira, na ngano zilisimuliwa usiku, msimulizi akijenga ulimwengu mzima kwa sauti. Hadhira yetu haikuhitaji mgodi uliozimika taa ili ikubali kusikiliza. Tuna istilahi za kuhakiki utendaji katika fasihi simulizi, na tuna istilahi za kuhakiki tamthilia iliyoandikwa. Mchezo wa redio umeanguka katikati, kila upande ukidhani ni wa mwingine.

Hasara yake si ya kinadharia tu. Mchezo wa Hughes tunaweza kuujadili leo kwa sababu matini yake ilichapwa. Sauti za usiku ule zilipotea. Michezo mingi ya Kiswahili iliyotangazwa haikuchapishwa, na kanda huchakaa. Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada na asubiri kidogo kabla ya kuirudia riwaya iliyokwisha kuhakikiwa mara kumi. Atafute kanda moja, ainukuu neno kwa neno, aandike kila kishindo na kila kimya, kisha aihakiki. Bila kazi hiyo, tutaendelea kuusifu mlipuko wa chumba cha pili.