Wanunuzi Walioikamilisha Mashine: Wamiliki wa Kwanza wa Kompyuta ya Altair 8800 (1975–1977) na Funzo lao kwa Sera za Teknolojia Afrika Mashariki

Ikisiri

Historia ya kompyuta binafsi husimuliwa zaidi kwa kutaja wavumbuzi na kampuni. Makala hii inaitazama historia hiyo kwa upande wa wanunuzi wa mwanzo, kwa mfano wa kompyuta ya Altair 8800 iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1975. Hoja yake kuu ni kwamba mashine hiyo iliuzwa ikiwa pungufu, na waliioikamilisha ni wamiliki wake wenyewe. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa na mambo matatu: ruhusa na ujuzi wa kuifungua mashine, mahali pa kukutana, na maandishi ya pamoja katika lugha yao. Makala inapendekeza kwamba mambo hayo matatu yawe sehemu ya vipimo vya sera za kompyuta katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Mipango ya kusambaza kompyuta katika shule na ofisi za umma hupimwa mara nyingi kwa idadi ya mashine zilizonunuliwa na idadi ya vituo vilivyozipokea. Kipimo hicho ni rahisi kukitolea taarifa, lakini kinamchukulia mtumiaji kuwa ni mpokeaji tu: mashine hufika ikiwa kamili, naye hufundishwa namna ya kuitumia. Je, ndivyo kompyuta binafsi ilivyoanza? Makala hii inalijibu swali hilo kwa kurejea miaka miwili ya mwanzo ya Altair 8800, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa kompyuta binafsi ya kwanza kufanikiwa sokoni.

2.0 Mashine iliyouzwa ikiwa pungufu

Altair ilitengenezwa na kampuni ndogo ya MITS ya mjini Albuquerque, katika jimbo la New Mexico. Kiongozi wake, Ed Roberts, alikuwa ameingia katika biashara ya vikokotoo, lakini kampuni kubwa zilizotengeneza chipu zilipoanza kuuza vikokotoo vyao kwa bei ya chini, MITS ikatumbukia katika madeni. Altair ilikuwa jaribio la kuiokoa kampuni isifilisike.

Jarida la Popular Electronics liliitangaza mashine hiyo katika toleo la Januari 1975. Sanduku lililopigwa picha kwa ajili ya jalada lilikuwa tupu ndani, kwa kuwa mashine ya mfano ilikuwa imepotea njiani ikisafirishwa kwenda New York. Mnunuzi aliahidiwa vipande vya kuunganisha mwenyewe kwa dola 397. Bei hiyo iliwashangaza wasomaji, maana chipu ya Intel 8080 iliyokuwa kiini cha mashine iliuzwa kwa dola 360 kwa mtu aliyenunua moja. Roberts aliipata kwa dola 75 kwa sababu alinunua kwa wingi.

Hata hivyo, kilichouzwa hakikuwa kompyuta kwa maana tuliyoizoea leo. Hakikuwa na kibodi wala skrini. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256 tu, isiyotosha hata kuhifadhi aya moja ya makala hii. Uso wake wa mbele ulikuwa na safu za swichi na taa ndogo nyekundu. Mtumiaji aliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, amri moja baada ya nyingine, na jibu alilisoma katika taa. Akikosea swichi moja, programu yote iliweza kuharibika. Akizima umeme, kazi yote ilipotea.

3.0 Kungoja na kuunganisha

Roberts alitarajia kuuza mashine mia kadhaa. Maagizo yaliyofika yalihesabiwa kwa maelfu, na kufikia Agosti 1975 zaidi ya mashine 5,000 zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa wateja. Kampuni ililemewa. Wateja waliokuwa wamekwisha kulipa walingoja kwa wiki nyingi, na wengine kwa miezi. Steve Dompier, mkazi wa California, alisafiri mwenyewe hadi Albuquerque kwenda kuulizia agizo lake, akarudi na vipande vichache tu.

Sanduku lilipofika, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mamia ya viungo vilipaswa kulehemiwa kwa mkono, na kiungo kimoja kibaya kilitosha kuifanya mashine isiwake. Bodi za ziada za kumbukumbu zilizouzwa na MITS zilijulikana kwa hitilafu zake. Kwa vipimo vya mkaguzi wa manunuzi ya umma wa leo, huu ungekuwa mradi ulioshindwa: bidhaa imechelewa, haijakamilika, na sehemu zake muhimu hazifanyi kazi ipasavyo.

Kwa nini basi haukushindwa? Jibu halipatikani ndani ya sanduku. Linapatikana katika mambo waliyoyafanya wanunuzi baada ya kulifungua.

4.0 Klabu, vijarida na kujaliza upungufu

Tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao 30 walikutana katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Mkutano huo, ulioitishwa na French pamoja na Fred Moore, ulizaa klabu iliyoitwa Homebrew Computer Club. Desturi yake ilikuwa nyepesi: aliyegundua jambo alilisema mbele ya wenzake, na aliyekwama aliuliza. Kijarida cha klabu kiliyaandika yaliyosemwa ili yawafikie wasiohudhuria.

Mwezi uliofuata Dompier aliileta Altair yake katika mkutano. Alikuwa amegundua kwa bahati kwamba redio iliyowekwa karibu na mashine ilinasa mitetemo ya umeme kutoka katika sakiti zake. Akaandika programu ya kuipanga mitetemo hiyo, na redio ikatoa sauti ya wimbo uliojulikana. Tukio hili huelezwa kama kichekesho, lakini lina uzito wa kihistoria. Mashine isiyokuwa na njia ya kutoa chochote isipokuwa mwanga wa taa ilipewa njia ya pili ya kujieleza, na aliyeipa hakuwa mtengenezaji.

Upungufu mwingine ulijalizwa kwa namna hiyo hiyo. Altair ilikuwa na nafasi za kuchomekea bodi za ziada, na mpangilio wa pini 100 za nafasi hizo ulijulikana kwa kila aliyeiunganisha. Bob Marsh, mwanachama wa Homebrew, alianzisha na mwenzake kampuni ya Processor Technology, wakatengeneza bodi za kumbukumbu zilizofanya kazi vizuri kuliko za MITS. Roberts aliwashutumu watengenezaji wa aina hiyo kuwa ni vimelea. Kwa upande wa mauzo yake alikuwa na sababu ya kulalamika, lakini bila bodi hizo wateja wake wengi wangebaki na sanduku la taa zinazometameta. Mpangilio wa pini 100 ukawa kiwango kilichofuatwa na kampuni nyingine, ikiwemo IMSAI, ambayo kompyuta zake zilianza kuwafikia wateja mwishoni mwa 1975. Steve Wozniak, aliyekuwepo katika mkutano wa kwanza wa klabu, aliionesha kwa wanachama wenzake mashine ambayo mwaka 1976 iliuzwa kwa jina la Apple I.

5.0 Mgogoro wa BASIC

Ingekuwa upotoshaji kuueleza ushirikiano huu kana kwamba haukuwa na migongano. Paul Allen na Bill Gates walipoliona tangazo la Altair, waliandika toleo la lugha ya programu ya BASIC kwa ajili yake, wakitumia kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard kuiga tabia ya chipu ya 8080. Lugha hiyo ilimwezesha mtumiaji kuandika amri zinazokaribia maneno ya kawaida badala ya kuhangaika na swichi. Lakini ilihitaji kumbukumbu ya baiti zisizopungua 4,096, yaani mara 16 ya ile iliyokuja na mashine.

MITS iliiuza BASIC kwa dola 500 kwa aliyeinunua peke yake, na kwa chini ya dola 100 kwa aliyenunua pamoja nayo bodi za kampuni, zikiwemo bodi zile zile zilizolalamikiwa. Mteja alitakiwa ama alipe bei kubwa kuliko ya kompyuta yenyewe, ama anunue kifaa asichokiamini. Wengi hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Katikati ya 1975, katika maonesho yaliyofanyika Palo Alto, utepe wa karatasi uliotobolewa wenye BASIC ulichukuliwa, ukanakiliwa, na nakala zikagawiwa katika klabu.

Mwezi Februari 1976 Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi. Aliwatuhumu kwa wizi, na akadai kwamba chini ya asilimia 10 ya wamiliki wa Altair walikuwa wameinunua BASIC. Upande wa pili ulitoa jibu la vitendo: programu ndogo zilizoitwa Tiny BASIC, ambazo maelezo na amri zake zilichapishwa katika majarida ili kila mtu azitumie na kuzirekebisha, Tom Pittman aliuza toleo lake kwa dola 5 tu. Mjadala wa hakimiliki na programu huria unaotushughulisha leo ulikwisha kupata pande zake mbili miezi michache tu baada ya kompyuta binafsi kuwafikia watu wa kawaida. Roberts aliiuza MITS mwaka 1977, baadaye akasomea udaktari wa tiba; lakini pande hizo mbili zimedumu hadi sasa.

6.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Mfano huu una mipaka yake. Wamiliki wa kwanza wa Altair walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume wenye kipato, wengi wao wahandisi, na wanachama wa Homebrew waliishi jirani na viwanda vya chipu na Chuo Kikuu cha Stanford. Mazingira hayo hayawezi kuhamishwa kwa waraka wa wizara. Kinachoweza kuhamishwa ni swali: mtumiaji wa mwanzo anapokuta kasoro, anayo nafasi gani ya kuirekebisha na kuwaambia wenzake?

Ukanda wetu una sababu zake za kuuliza swali hilo. Mwaka 1974, mmoja tu kabla ya tangazo la Altair, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina katika kompyuta kuleta hasara. Uamuzi huo umelaumiwa mara nyingi. Ukitazamwa pamoja na kisa cha Altair, unaeleweka vizuri zaidi: mashine yenye kasoro iliyo mikononi mwa wataalamu wachache, bila jamii ya watumiaji inayoweza kuirekebisha, humwachia mwenye mamlaka njia mbili tu, kuendelea kulipa au kufunga mlango.

Rwanda, kuanzia 2008, iligawa kompyuta ndogo za XO kwa wanafunzi wa shule za msingi. Programu zake, zilizojulikana kwa jina la Sugar, zilikuwa huria. Kwa hiyo ruhusa ya kuifungua mashine, angalau kwa upande wa programu, ilikuwepo. Watafiti wanaoitathmini mipango ya aina hii wangefaa kuuliza pia kuhusu mambo mawili yaliyobaki: walimu na wanafunzi walikutana wapi kujadili hitilafu, na waliyoyagundua yaliandikwa wapi, kwa lugha ipi?

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa mwaka 2004 programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, ulithibitisha kwamba lugha yetu inaweza kubeba maneno ya kompyuta. Lakini kutafsiri menyu ni nusu ya kazi. Vijarida vya 1975 havikuwa orodha za istilahi. Vilikuwa kumbukumbu za watu wanaoambiana kilichoharibika na namna kilivyotengenezwa. Maandishi ya aina hiyo kwa Kiswahili, kutoka kwa mafundi, walimu na makarani wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, ndiyo yanayostahili kutafutiwa fedha na wahariri.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba Altair 8800 ilifanikiwa ingawa ilikuwa na kasoro nyingi, kwa sababu wanunuzi wake walikuwa na ruhusa ya kuifungua, mahali pa kukutana na maandishi ya kushirikiana. Inapendekezwa kwamba mikataba ya ununuzi wa kompyuta za umma idai michoro ya matengenezo na haki ya kurekebisha. Bajeti za mafunzo zitenge fungu la mikutano ya kudumu ya watumiaji. Na taasisi za Kiswahili zikusanye na kuchapisha taarifa za watumiaji hao. Idadi ya mashine iendelee kuhesabiwa, lakini zihesabiwe pia kasoro ambazo watumiaji wenyewe wamezigundua na kuzirekebisha.