Wateule wa Mungu: Njia Fundisho Hili Lililopita Hata Kutufikia

Katika vijiji vya Karagwe, kama hapa Nyakasimbi, liko swali liulizwalo matangani kuliko kanisani: Je, Mungu aliwachagua walio wake tangu awali? Na ikiwa ndivyo, ndugu yetu huyu aliyekufa alikuwamo? Twataka kueleza habari za fundisho hili, kwa maana halikuingia kwetu kwa mlango mmoja.

Mwalimu wake mkuu wa zamani alikuwa Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyefariki mwaka 430. Alishindana na Pelagio, aliyesema ya kuwa mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe; Augustino akajibu ya kwamba hata imani ni kipawa cha Mungu. Baada ya miaka elfu na zaidi, Calvin wa Geneva akalikaza neno hilo: Mungu amewawekea wengine uzima, na wengine upotevu. Walutheri hawakuikubali sehemu ya pili. Katika maungamo yao ya 1577 walisema ya kuwa aokokaye huokoka kwa kuchaguliwa na Mungu, bali apoteaye hupotea kwa kosa lake mwenyewe. Mtu wa hesabu atasema mambo hayo hayapatani. Wao wakakataa kuyachimbua zaidi, na sisi twaona walifanya vema.

Sasa tazameni kwetu. Wakristo wa kwanza wa Kiprotestanti wa Bukoba walisomea Buganda, kwa Waanglikana. Mpaka uliokatwa Ulaya mwaka 1890 ukawaacha upande wa Wajerumani, kundi lisilo na mchungaji, hata Walutheri wa Betheli walipofika mwaka 1910. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 Wajerumani hawakuwapo, na kwa muda katika miaka ya 1920 Wamethodisti walishika kazi. Hao ni watoto wa John Wesley, aliyehubiri mwaka 1739 kwa ukali kinyume cha kuchaguliwa tangu awali. Basi mzee mmoja aliweza kufundishwa na madhehebu matatu pasipo kuhama shamba lake la migomba!

Lakini swali halikuchoma sana mpaka Uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika pande zetu. Waliookoka walisimama mbele ya watu wakaungama wizi na uzinzi, wakarudisha mali za wenyewe. Tena waliweza kuitaja siku ya wokovu wao. Na yule aliyebatizwa mchanga, akalelewa katika sala, asiye na siku ya kutaja? Alibaki akijiuliza kama yumo. Nyumba ziligawanyika, mke ndani na mume nje. Watu wa Uamsho walihubiri ya kuwa mlango u wazi kwa kila atubuye, wala hawakumfuata Calvin; lakini kwa kuwahesabu walio ndani na walio nje, wengine wao walimkaribia kuliko walivyojua.

Luther alipokuwa mtawa aliteswa na swali hili hili. Mkuu wake, Staupitz, akamwagiza aache kuipekua siri ya Mungu, ayatazame majeraha ya Kristo. Hata uzeeni, shaka ilipomshika, Luther alijishikiza kwa ubatizo wake. Naye alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, akiwa na umri wa siku moja.