Nia, Kusudi na Azma: Maneno Matatu, Safari Tatu

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili, wanafunzi waliandika nia, kusudi na azma kana kwamba ni neno moja lenye mavazi matatu. Historia ya maneno hayo inakataa.

Yote yametoka Kiarabu. Nia ni niyya, na katika kamusi za Kiarabu hukaa chini ya mzizi uleule wa neno la kokwa ya tende: kitu kilichofichwa ndani. Waislamu wa pwani wameitunza maana hiyo. Afungaye Ramadhani hutia nia, na mahali pake ni moyoni, hata ulimi usipotamka. Kunuia hakuhitaji shahidi.

Kusudi limetoka katika mzizi wa kuelekea mahali. Washairi wenzangu wasisahau kwamba kasida ni nduguye wa tumbo moja. Lakini Kiswahili kimelitia neno hili uchungu ambao nia haina: akuambiaye "umefanya makusudi" hakusifu, anakulaumu. Mahakamani uchungu huo hugeuka uhai na kifo. Sheria ya Tanzania inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na adhabu ya kosa la kwanza ni kunyongwa. Maiti ni yuleyule. Kinachotafutwa ni kilichokuwa ndani ya muuaji, nacho husomwa kwa alama za nje: silaha aliyoichagua, sehemu ya mwili aliyoipiga, maneno aliyoyatamka. Kwa hiyo naona kukusudia kulifaa sheria kuliko kunuia. Mwelekeo huonekana, kokwa haionekani.

Azma ni nia iliyokomaa. Humo tulipata kuazimia na azimio. Azimio la Arusha la 1967 lisingeweza kuitwa Nia ya Arusha, kwani chama kilikuwa kinajifunga mbele ya umma.

Mwaka mmoja kabla yake, 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko Marekani, akaifanya Nia kuwa nguzo ya tano kati ya saba, kwa maana ya kusudi la pamoja la kuijenga jamii. Mwalimu mkali angedai kwamba lengo lingetosha. Mimi sidai, maana wahenga wetu waliosema "nia zikiwa pamoja, kilicho mbali huja" walikwisha kuitoa nia katika moyo wa mtu mmoja. Huko Marekani huwashiwa mshumaa kila tarehe 30 Desemba; nia ya mfungaji hutiwa usiku, kabla ya alfajiri, bila taa.