Kwa nini kijana wa Kongo ananyimwa kibali hata ndani ya mchezo wa ordinatere

Ujumbe wa sauti uliotufikia juma hili ulitoka kwa kijana wa miaka 16 anayeishi katika kambi ya wakimbizi wa vita. Anasema yeye na wenzake wanacheza ule mchezo wa kuongoza ekipe ya mpira, ambamo wewe ndiye kocha: unanunua, unauza, unapanga wachezaji. Amechukua ekipe ya Uingereza, akamwona kijana mmoja wa Kinshasa mwenye kipaji, akalipa pesa zote. Mchezo ukamjibu: kibali cha kazi kimekataliwa. Akaanza upya na ekipe ya Ubelgiji, kijana yule yule akapita bila shida. Swali lake: «Ni mchezo ndio unatuchukia, ao ni kweli hivyo?»

Ni kweli hivyo. Waliotengeneza mchezo hawakubuni sheria hii, waliiandika tu kama walivyoikuta. Na historia yake ni ndefu kuliko umri wa ordinatere yenyewe.

Mwaka 1930, Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, alitaka kumleta golikipa Rudi Hiden kutoka Austria. Hiden alipofika bandari ya Dover, wakubwa wa serkali wakamrudisha. Wizara ya Kazi ya Uingereza na chama cha wachezaji walisema mgeni atamnyang'anya Mwingereza mkate wake. Mwaka 1931 shirikisho la mpira la Uingereza likaweka kanuni: mgeni asicheze mpaka awe amekaa nchini miaka miwili. Nani atakaa miaka miwili bila kazi akingoja kucheza? Mlango ukafungwa hivyo kwa karibu miaka 50.

Lakini haukufungwa kwa wote sawa. Aliyetoka katika makoloni na nchi zilizokuwa chini ya Uingereza hakuhesabiwa kuwa mgeni. Ndiyo maana Steve Mokone wa Afrika Kusini aliweza kujiunga na Coventry City mwaka 1956. Mkongo alikuwa chini ya Mbelgiji, basi njia yake ilikuwa ya kwenda Ubelgiji. Paul Bonga Bonga alicheza Standard de Liège. Julien Kialunda alicheza Union Saint-Gilloise, kisha Anderlecht. Shikeni jina hilo la Union, tutalikuta tena.

Baadaye sisi wenyewe tulijifungia. Mobutu aliwaita warudi nyumbani Wakongo waliokuwa wanacheza Ubelgiji, na wachezaji wa ekipe ya taifa hawakuruhusiwa kutoka kwenda kutafuta maisha ng'ambo. Wazee wanakumbuka utamu wake: kombe la Afrika mwaka 1968 na tena 1974, na mwaka huo wa 1974 Zaire kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Wanaongea kidogo kuhusu wachezaji wale waliozeeka maskini, kwa kuwa miguu yao ilikuwa mali ya taifa. Kwa maoni yangu, kibali cha kwanza ambacho Mkongo alinyimwa kilinyimwa Kinshasa.

Uingereza ilifungua mwaka 1978. Soko la pamoja la Ulaya lilisema mchezaji wa nchi mwanachama asizuiwe kwa sababu ya uraia, na mwaka huo huo Tottenham wakawaleta Waargentina wawili, Ardiles na Villa. Mwaka 1995 ikaja hukumu ya Bosman: mwenye paspoti ya Umoja wa Ulaya anakwenda anakotaka. Kwa hiyo dunia ikagawanyika sehemu mbili. Mwenye paspoti ya Ulaya hakuhitaji kibali. Sisi wengine tulikihitaji, na ili kukipata katika miaka ile ilibidi nchi yako iwe ndani ya 70 bora za FIFA, na wewe uwe umecheza asilimia 75 za mechi zake rasmi katika miaka miwili. Angalieni vizuri: kipaji chako peke yake hakitoshi. Unabebwa ao unaangushwa na ekipe nzima ya taifa, na shirikisho lake, na makosa ya viongozi wake.

Jirani zetu wa Kenya wanajua uchungu huo. Januari 2010, Manchester City walitaka kumnunua McDonald Mariga kutoka Parma ya Italia. Kibali kikakataliwa kwa sababu Kenya haikuwa ndani ya 70. Waziri Mkuu Raila Odinga mwenyewe akaingilia jambo hilo kwa Waingereza. Mpango ukavunjika hata hivyo. Mariga akaenda Inter Milan, na Mei ya mwaka huo Inter wakatwaa ubingwa wa Ulaya. Kwake ilikuwa baraka. Lakini si kila anayekataliwa anakuta Inter wanamngoja mlangoni.

Sasa turudi kwenye mchezo. Ulianzishwa na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, ukatoka mwaka 1992 kwa jina Championship Manager. Tangu mwisho wa 2004 watengenezaji wale wale wanautoa kwa jina Football Manager. Nguvu yake ni orodha ya wachezaji wa kweli, inayokusanywa na watu wanaokaa viwanjani na kuandika: huyu ana mbio, huyu ana kichwa kizuri, huyu mvivu. Vilabu, ligi, pesa, na sheria za vibali pia, vyote vimo. Ndiyo sababu mchezo unakuandikia barua ya kukataa kwa sauti ya mkubwa wa serkali.

Wachezaji wa mchezo waligundua mapema njia ya kuzunguka. Ulimnunua kijana wa Afrika, ukampeleka kwa mkopo Ubelgiji, ukangoja. Baada ya miaka alipata uraia wa Ubelgiji, akarudi kwako bila kuhitaji kibali. Wengi wanafikiri ni ujanja wa ndani ya ordinatere. Sivyo. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2000 iliruhusu mtu kuomba uraia akiisha kukaa miaka mitatu, na mkimbizi miwili. Manchester United walikuwa na urafiki na Royal Antwerp tangu 1998. Arsenal walikuwa karibu na Beveren, mji mdogo ambako Mfaransa Jean-Marc Guillou alijaza ekipe vijana wa Abidjan waliotoka katika shule ya mpira ya ASEC Mimosas. Emmanuel Eboué alitoka Beveren akafika Arsenal mwaka 2005.

Kabla yake alijaribu Yaya Touré. Mwaka 2003 alivaa jezi ya Arsenal katika mechi ya maandalizi dhidi ya Barnet. Makaratasi yake ya Ubelgiji yakachelewa, akachoka kungoja, akaenda Ukraine, Donetsk. Uingereza ilimpata miaka saba baadaye kupitia Barcelona, wakati huo bei yake imekuwa ya tajiri.

Ubelgiji ilikaza sheria yake tangu 2013: leo ni miaka mitano.

Uingereza nayo ilibadili mwaka 2015. Kutoka 70 bora wakashuka mpaka 50. Nchi iliyo kati ya nafasi ya 1 na ya 10, mchezaji wake alitakiwa awe amecheza asilimia 30 tu ya mechi. Iliyo kati ya 31 na 50, asilimia 75. Mwaka 2017 Leopards walipanda mpaka nafasi ya 28 duniani. Kwa muda huo mfupi, Mkongo aliyeitwa mara kwa mara katika ekipe ya taifa alikuwa na mlango wa halali mbele yake. Kisha tukashuka, na mlango ukajifunga, hata kama mchezaji mwenyewe hakupoteza chochote cha mguu wake.

Kulikuwa na dirisha la pembeni: jopo la kesi maalum, lililoangalia bei ya uhamisho na mshahara. Ndipo alipopita Mbwana Samatta, ambaye hapa kwetu hatumhesabu kuwa mgeni. Alichezea TP Mazembe ya Lubumbashi tangu 2011, akachukua nayo kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa wakamnunua. Tanzania ilikuwa mbali sana na 50 bora. Kibali kikapatikana, na tarehe 1 Machi akafunga goli Wembley katika fainali ya kombe la ligi dhidi ya Manchester City. Lakini alikuwa na miaka 27. Jopo lile lilipima pesa, na pesa haziwekwi juu ya kijana wa miaka 18 asiyejulikana.

Uingereza ilipopiga kura kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016, mchezo ulikuwa na haraka kuliko serkali. Toleo la mwaka ule liliweka ndani yake uwezekano mbalimbali: pengine wachezaji waendelee kuingia huru, pengine wapewe nafasi maalum kama wanamuziki, pengine Mfaransa na Mreno watendewe kama Mkongo. Kwa kijana wa Ufaransa hiyo ilikuwa habari ya kutisha. Kwetu ilikuwa maisha ya kila siku.

Tangu Januari 2021 ndivyo ilivyo kweli. Kila mgeni anahesabiwa alama, na anahitaji 15. Alama zinatoka katika dakika ulizocheza kwa taifa, dakika za klabu, na daraja la ligi unayotoka. Ligi za nchi yetu na jirani zimewekwa chini. Ligi ya Ubelgiji iko daraja la pili, nyuma tu ya zile kubwa tano. Ndipo tunaikuta tena Union Saint-Gilloise ya Kialunda. Tony Bloom, mwenye Brighton, aliingia pia katika Union mwaka 2018. Brighton walimnunua Mjapani Mitoma mwaka 2021, hakuwa na alama za kutosha, wakampeleka Union mwaka mmoja. Wakafanya hivyo hivyo kwa Simon Adingra wa Côte d'Ivoire mwaka 2022. Ujanja wa mchezo wa ordinatere na kazi ya watu wazima wenye mamilioni vimekuwa kitu kimoja.

Mwaka 2023 Waingereza walilegeza kidogo: klabu za madaraja mawili ya juu zinaweza kuwa na mpaka wachezaji wanne wasiofikia alama. Wanne, kwa dunia nzima.

Kuna jambo lingine ambalo kijana wetu hakuuliza, lakini linamhusu zaidi. Tangu 2001 kanuni ya FIFA, kifungu cha 19, inakataza mtoto chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira. Mchezo unaiheshimu: unaweza kukubaliana naye akiwa na 16, lakini hafiki mpaka 18. Nafasi za nje ya kanuni ni chache. Mojawapo ni wazazi kuhama kwa sababu isiyohusu mpira. Nyingine ni mtoto aliyekimbia nchi yake kuokoa maisha.

Hapo ndipo wamepita wengi wa watu wetu, bila kibali cha kazi hata kimoja. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa. Baba yake alikimbia kwa sababu ya siasa, mtoto akamfuata Uingereza mwaka 1999 akiwa na miaka 11, akacheza Arsenal, Birmingham na Bolton. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, baba yake akauawa wakati wa vita, akafika Birmingham akiwa na miaka 10. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akafika Uingereza na familia yake akiwa na miaka minne, akakulia Manchester United, leo anavaa jezi ya Leopards. Hakuna wakala aliyewatafuta. Walifika wakiwa watoto wa familia, mpira wakaukuta huko.

Hata jina la Mkongo linalopendwa kuliko yote katika mchezo huu ni la mtoto wa namna hiyo. Tonton Zola Moukoko alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Sweden, akachukuliwa na Derby County akiwa kijana mdogo. Toleo la 2000/01 lilimwandika kuwa atakuwa mmoja wa wakubwa wa dunia. Maelfu ya watu walishinda naye makombe wakiwa wamekaa nyumbani. Katika Derby ya kweli hakucheza mechi hata moja ya ekipe ya kwanza, akaendelea katika vilabu vidogo vya kaskazini mwa Ulaya. Mpaka leo kuna wazungu wanaomuuliza kuhusu magoli ambayo hakuyafunga.

Kijana aliyetuandikia alimaliza ujumbe wake kwa jambo ambalo nalisema hapa kwa ruhusa yake. Mtu mmoja amepita kambini, anasema ni wakala, anaomba papa yake dola kwa ajili ya «kibali cha Uingereza», kijana asafiri mwaka huu. Ndugu zangu, kwa haya yote tuliyoyasoma, kibali hicho hakipo. Klabu ndiyo inayoomba kibali, klabu ndiyo inayolipa, na mwenye miaka 16 hahamishwi kwa mpira. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake linaonekana katika orodha ya FIFA kwenye intaneti, bila malipo. Anayetaka kuhakikisha jina alilopewa aje nalo redioni siku za kazi asubuhi, tutalitafuta pamoja naye mbele ya macho yake.