Kofia na Viatu vya Ukuta

Insha hii inaeleza jinsi saruji ilivyoharibu kuta ilizopakwa ili kuzilinda.

Katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kuta za bustani zilijengwa kwa udongo uliokandwa pamoja na mabua. Wenyeji husema ukuta wa namna hiyo unahitaji kofia nzuri na viatu vizuri. Viatu ni msingi wa mawe. Kofia ni nyasi au vigae vilivyoezekwa juu yake. Pembeni ulipigwa lipu ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu ulioingia utoke tena.

Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji ya Portland. Katika karne ya 20 saruji ilichukua nafasi ya chokaa kwa sababu ni ngumu na hukauka upesi. Lakini lipu ngumu juu ya udongo hupasuka. Maji huingia kwenye ufa, yakakosa pa kutokea. Wakati wa baridi kali huganda na kutanuka kwa asilimia 9 hivi, na lipu ikabanduka.

Kwetu maji hayagandi, lakini unyevu tunao. Mimi ndiye niliyemshawishi bibi aache kukandika ukuta wake kwa udongo na samadi, tukaupiga saruji. Baada ya masika mawili ulivimba, na ndani udongo ulikuwa tope. Bibi hakunilaumu. Likizo ijayo nitaibandua saruji ile, kisha nimwombe anifundishe kukandika.