Jua Lilipopatwa Juu ya Buha

Tarehe 1 Septemba 2016, kabla ya saa sita mchana, mwanga ulififia juu ya Kasulu na Kibondo. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, watu waliona pete ya moto angani. Kwetu jua lilibaki kama mwezi mwandamo. Waumini walituuliza: "Baba Mchungaji, hili ndilo giza la Golgotha? Mungu amekasirika?" Tukajibu, "Tuombe." Kuomba ni kwema, lakini swali hatukulijibu.

Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia, siku ya mwezi mpya tu. Haitokei kila mwezi, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5. Lakini Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, wakati mwezi uko upande wa pili wa dunia. Basi giza la Luka 23:44 halikuwa kupatwa kwa jua, wala kupatwa kwa jua si giza lile.

Hofu hii ni ya zamani. Masimulizi ya Ankole, Uganda, yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe wa kuteka, jua likapatwa pale Biharwe, jeshi likakimbia na kuwaacha. Wanahistoria wengi hulihesabu tukio hilo kuwa la 17 Aprili 1520.

Kivuli cha 29 Mei 1919 kilileta habari nyingine. Kilipita kisiwa cha Príncipe, kikavuka Kongo kuelekea Ziwa Tanganyika. Buha ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, waliowafukuza Wajerumani mwaka 1916. Vijana wa Afrika walikuwa wamebeba mizigo ya vita visivyo vyao. Pale Príncipe alisimama Mwingereza Arthur Eddington, muumini wa Kanisa la Marafiki, aliyekataa kupigana. Alipiga picha za nyota karibu na jua lililofunikwa, apime kama nuru yake hupinda kama alivyosema Albert Einstein, aliyekuwa Berlin. Picha hizo, pamoja na zile za Sobral, Brazili, zilimuunga mkono. Mataifa yao yalikuwa yametoka kuuana; giza la dakika chache likawakutanisha katika ukweli mmoja.

Ndugu wapendwa, anga lenye ratiba si anga lenye hasira. Muumba aliyeweka mianga kwa majira (Mwanzo 1:14) habadiliki. Siku nyingine jua likipatwa, tusiwafungie watoto ndani kwa hofu. Tuwape miwani maalumu, maana jua huunguza macho hata likibaki kipande, kisha tutazame pamoja na kumshukuru Mungu.